Tupeane uzoefu: jioni ulipotazama tamthilia ya ubwege

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa kila aliyewahi kutazama jukwaani tamthilia ya ubwege, yaani ile isiyo na kisa kinachokwenda mbele wala mwisho unaofunga mambo. Sisemi kuisoma kwa ajili ya mtihani, bali kukaa na watu na kuitazama. Naanza mimi.

Nilitazama mchezo wa Samuel Beckett wa kumngojea Godot ndani ya Ngome Kongwe hapa Unguja, baada ya Isha, ukichezwa kwa Kiswahili na vijana walioutafsiri wenyewe. Jukwaani palikuwa na mti mkavu na mafukara wawili wanaomngojea mtu asiyetokea, na kila sehemu ikikaribia kwisha huja mtoto kusema kuwa bwana hatofika leo, ila kesho hapana shaka. Lililonishughulisha zaidi ni watazamaji. Sisi tumezoea michezo inayoletwa vijijini kutuhimiza tutumie vyandarua na tuchemshe maji, ambayo haimaliziki mpaka mtu asimame aeleze funzo, basi nusu ya waliokuwepo walikuwa wakimngojea mtu huyo kwa subira ileile ya mafukara wa jukwaani. Na Lucky, mtumwa katika mchezo huo, alipovishwa kofia akaamriwa afikiri, akaanza kumwaga maneno yasiyoshikana, mama mmoja wa safu ya mbele aliinuka akaenda kumtunza noti, kama ilivyo ada kwenye taarab, na mchezaji akaipokea bila ya kukatisha hotuba. Kwangu mimi usiku ule haukuwa na kilichopita hapo.

Mkaazi wa Malindi:
Nilikuwepo. Mwenzetu amesahau kutaja kamba. Lucky huingia na kamba shingoni, akiendeshwa na bwana wake Pozzo, na hapo kicheko kilikatika ghafla, kwani kutoka Ngome Kongwe hadi Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ni mwendo mfupi wa miguu. Mchezo huu ulipooneshwa mara ya kwanza Paris, Januari 1953, huenda kamba ile ilionekana kuwa ni kioja tu. Hapa haiwezi kuwa kioja. Ningekuwa mimi ndiye mwongozaji, ningemwacha Pozzo asimame kimya kwa muda, watu waitazame vizuri.

Bi Mdogo:
Mimi niliondoka wakati wa mapumziko. Nilimuuliza jirani yangu sehemu ya pili ina nini, akanambia ni kama ya kwanza, isipokuwa mti unatoa majani machache. Nikaona majani hayo nitayasikia kwa wengine.

Mpemba wa Wete:
Sisi tulicheza Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1995, katika ukumbi wa skuli. Ame na Zidi ni mafukara wasio na kitu, lakini ndoto zao ni za matajiri. Wazee waliohudhuria walicheka tangu mwanzo, na hakuna aliyelalamika kuwa haelewi, kwa sababu mwandishi ni Mzanzibari na dhihaka yake wanaijua. Ndiyo maana nasema tuanze na vya kwetu, kisha ndipo tuwaalike wageni.

Maalim:
Nakubaliana na ndugu yangu wa Wete kuhusu Amezidi, lakini sikubali kuwa Beckett ni mgeni asiyeeleweka na watu wa kawaida. Martin Esslin, aliyeipa aina hii ya michezo jina katika kitabu chake cha mwaka 1961, anaanza kwa kueleza onesho la mchezo huuhuu wa Godot, mwaka 1957, katika jela ya San Quentin, California, mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Wengi wao hawakuwahi kuona tamthilia, na waliielewa papo kwa papo. Kwa hivyo Bi Mdogo, onesho likirudiwa, tafadhali kaa mpaka mwisho, kisha uje utwambie majani yale yalikuwa mangapi.