Naomba ushauri: "however" kati ya sentensi mbili, itanguliwe na alama gani?

Kalamu ya Usiku:
Habari zenu wakuu. Nahariri ripoti ya Kiingereza ya mwenzangu na tumekwama hapa: "The data arrived late, however, we finished the report." Mimi naona ina kasoro. Yeye anashikilia kwamba however ina koma huku na huku, basi imekamilika. Nikapendekeza but, akasema ripoti rasmi haipendezi ikijaa but. Nani yuko sahihi, na nimweleweshe vipi bila kumvunja moyo?

Mdau wa Sarufi:
Uko sahihi mkuu. Hapo kuna vishazi huru viwili, kila kimoja kinajitegemea, na koma peke yake haiwezi kuviunga. But ingeviunga kwa sababu ni kiunganishi. However ni kielezi: inaonyesha mawazo yanavyohusiana, kazi ya kuunga haiiwezi. Tanguliza nukta mkato, kisha koma baada yake: "The data arrived late; however, we finished the report." Au weka nukta na uanze sentensi mpya kwa However. Therefore, moreover, consequently, nevertheless na otherwise ni za kundi hilohilo.

Bi Mhariri:
Naongezea kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama. Mwenzako hakuitoa hewani kanuni yake. Tazama: "The data arrived late. We, however, finished the report." Hapo koma mbili ni sahihi kabisa, kwa kuwa however imechomekwa ndani ya kishazi kimoja. Anza kumsifia kwa hilo, halafu mwonyeshe kwamba yake imekaa mpakani mwa vishazi viwili.

Kipimo changu ni kulihamisha neno. "We finished the report, however." Sentensi bado inasimama. Hamishia but mwishoni uone, haikai. Nakiamini kipimo hiki kuliko kukariri orodha.

Mpita Njia:
Angalizo dogo: "However hard we try, the data arrive late." Hapa maana yake ni "hata tujitahidi vipi", kwa hiyo usiweke koma baada ya however.

Na kuhusu but, mwambie asiikimbie. Aya yenye however tatu inachosha zaidi ya yenye but mbili.

Kalamu ya Usiku:
Asanteni sana, mfano wa Bi Mhariri umemwingia. Sasa kanirudishia hii: "We checked the figures, then we sent the report."

Bi Mhariri:
Then nayo ni kielezi. Wengi huiandika hivyo, na kwenye ujumbe wa kawaida haina shida. Kwa ripoti rasmi andika "and then we sent", au nukta mkato: "We checked the figures; then we sent the report." Baada ya then fupi kama hii koma haihitajiki.