Tupeane uzoefu: ulilipishwa kiasi gani kusafirisha baiskeli, kaiti ya kuteleza majini au mkuki wa riadha kwa ndege?

Pedali ya Meru (Arusha)

Wakuu, habari za leo. Naomba kila aliyewahi kupanda ndege na kifaa kikubwa cha michezo aweke hapa yaliyomkuta: baiskeli, kaiti, mkuki, begi la gofu, chochote kisichoingia kwenye sanduku la kawaida. Msitaje bei tu. Semeni mlilipishwa wapi, na mlikuwa na maandishi gani mkononi. Naanza mimi, maana jambo hili bado linaniuma.

Septemba 2025 nilikwenda Kigali kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Nilitaka kuyaona kwa macho, halafu nami nikapande ile barabara ya mawe ya Kimihurura kwa baiskeli yangu mwenyewe. Nikatafuta tiketi za bei nafuu nikapata mbili, za mashirika mawili tofauti: Kilimanjaro hadi Nairobi, kisha Nairobi hadi Kigali. Tiketi moja ya safari nzima ilizidi kwa dola 90, nikajiona nimeokoa hela.

Boksi nilipewa na duka la baiskeli mjini. Nikafungua pedali, usukani na gurudumu la mbele, nikashusha kiti, nikazungushia sponji kila bomba la fremu. Mzani wa nyumbani ukasoma kilo 21, na tiketi iliniruhusu 23. Usiku ule nililala vizuri.

Kaunta kijana aliweka boksi kwenye mzani, akasoma 21, akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoa futikamba. Urefu sentimita 138. Kwenda juu 78. Upana 22. Akajumlisha mbele yangu: 238. Akaniambia, "Kaka, uzito wako uko sawa, ila jumla ya pande tatu haitakiwi kuzidi 158." Hiyo 158 ndiyo mashirika mengi wanayotumia kwa begi la kawaida, na hakuna baiskeli ya mtu mzima inayoingia humo hata uifungue namna gani. Nikalipa dola 75. Sikubishana, kijana alikuwa mstaarabu na alinionyesha kanuni kwenye skrini.

Nairobi ndiko nilikoumia. Tiketi zikiwa mbili, mzigo haukuunganishwa. Ikabidi nipite uhamiaji, nilichukue boksi, nilisukume kwenye toroli hadi upande wa kuondokea na kupanga foleni upya. Shirika la pili likapima upya na kutaka dola 120. Risiti ya asubuhi haikuwahusu, na kusema kweli haikupaswa kuwahusu. Dola 195 kwa kwenda tu. Kurudi nilipanda basi kupitia Rusumo, siku mbili barabarani, boksi likiwa buti.

Baadaye dada mmoja wa wakala wa tiketi alinifundisha kitu ambacho ningekijua mapema. Unapokata tiketi, omba baiskeli iingizwe kwenye bukingi yenyewe. Kuna alama yake, BIKE, na vifaa vingine vya michezo huandikwa SPEQ. Shirika likikubali, mbele ya alama hiyo inatokea HK, yaani imethibitishwa. Kama hakuna HK, hata tovuti yao iseme wanabeba baiskeli, unafika kaunta kama mtu asiyetarajiwa, na ndege ikiwa ndogo na imejaa, baiskeli inabaki.

Mpakiaji Mstaafu (Dar)

Mkuu pole sana. Nimepakia mizigo uwanjani miaka mingi, ngoja niseme kwa upande wetu.

Ile 32 mnayoiona kwenye kanuni, kwamba hakuna begi litakalozidi kilo 32 hata ulipe, ipo kwa ajili ya migongo yetu. Anayeingia tumboni mwa ndege anafanya kazi kwa magoti, dari iko juu ya kichwa chake. Boksi la baiskeli la kilo 21 linamsumbua kuliko sanduku la kilo 28, kwa sababu halina pa kushika na huwezi kulipandia mizigo mingine juu. Toboeni matundu mawili ya kushikia, pande zote mbili. Lenye matundu linabebwa, lisilo na matundu linaburutwa. Nimeona hivyo maelfu ya mara.

Na wale wanaosema "nitaituma kama kago itakuwa rahisi", pigeni hesabu kwanza. Kago hawaangalii kilo peke yake. Wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo, wanagawa kwa 6,000. Boksi la mkuu hapo juu, 138 mara 78 mara 22, linatoa kilo 39 na nusu. Mzani unasema 21, wewe unalipia 39 na nusu.

Upepo wa Kusi (Paje)

Assalaam aleykum. Mimi ni mwalimu wa kaiti, kusi na kaskazi zote niko majini. Wageni wanashuka hapa na mabegi ya mita moja na nusu, na vijana wetu wanaokwenda kufundisha nje wanakumbana na hayo hayo, tena wao hawana hela za kumwaga kaunta.

Kaiti mbili, ubao wa sentimita 138, kamba, bari (fimbo ya kuongozea kaiti) na pampu, unafika kilo 18 au 20 hivi. Mzito si mzito. Tatizo ni jina. Shirika moja nililopanda lilikuwa na jedwali lao: begi la gofu linahesabiwa kama begi la kawaida, kaiti inalipiwa ada ya vifaa vikubwa. Begi ni lile lile kwa urefu, kilo ni zile zile. Ndiyo maana wapo watengenezaji wanaouza begi la kaiti lililokatwa umbo la begi la gofu, na duniani kote watu wa kaiti wanasema kaunta kwamba wamebeba gofu.

Mimi nilisema hivyo mara moja. Yule bibie akaomba nifungue zipu. Ukatokea ubao wenye mikanda ya miguu. Hakunifokea, alinitazama tu, nikalipa. Sijasema tena uongo ule na siwashauri vijana wangu. Lakini nauliza kwa dhati: kwa nini mchezo wa mtu mwenye uwanja wa nyasi uwe na bei yake, na mchezo wa kijana wa pwani uwe na bei nyingine, kilo zikiwa sawa?

Jambo jingine kwa wanaokuja Unguja: vile vindege vidogo vya kutoka Bara vingi ruhusa yake ni kilo 15, na mlango wa mizigo ni mdogo. Shukeni Dar mpande boti. Ni kama saa mbili, na begi refu halimshtui mtu.

Kocha wa Mikuki (Bonde la Ufa)

Habari zenu wadau. Baiskeli inafunguliwa, kaiti inakunjwa. Mkuki haukunjwi. Wa wanaume ni kati ya mita 2.6 na 2.7, wa wanawake 2.2 hadi 2.3. Uzito wake gramu 800 na 600, yaani mikuki mitano haifiki hata kilo 5. Tunaibeba ndani ya bomba la plastiki la fundi bomba, tumeziba ncha zote mbili, na ndani tumejaza vitambaa isigongane.

Mwaka juzi nilikuwa na vijana wawili wa kupanda ndege ya ndani kwenda Nairobi, halafu ya kimataifa usiku. Ndege ya ndani wakakataa bomba. Si suala la ada, walikataa kabisa, wakasema haliingii. Hapakuwa na muda wa kubishana. Nikampigia mtu wa mabasi ya usiku, nikampa bomba na shilingi elfu moja mia tano za Kenya, likasafiri peke yake hadi Nairobi na mjomba wa mmoja wa vijana akalipokea alfajiri. Sisi wenyewe tukahamisha safari ya kimataifa kwa siku moja, na hiyo gharama ndiyo iliyoniumiza.

Kwa makocha wenzangu: kwenye mashindano makubwa waandaaji huleta mikuki yao. Ukileta wako unakaguliwa, na ukipita unawekwa kwa matumizi ya washindani wote. Kwa hiyo muulize mwanariadha wako kama kweli anauhitaji mkuki ule au amezoea tu kuushika. Mmoja wa vijana wangu aligundua kuwa mikuki ya aina anayotumia ipo kwenye orodha ya waandaaji. Tangu hapo anasafiri na viatu. Mwingine mkono wake unaujua mkuki mmoja, na huyo nitaendelea kumtafutia bomba. Tangu Julius Yego arushe mita 92.72 Beijing mwaka 2015, vijana wengi huku wanataka kurusha. Sitaki mmoja wao akwame kwa ajili ya mlango wa ndege.

Mzaramo wa Minnesota

Huku Marekani mambo yalibadilika. Zamani baiskeli ilikuwa dola 150 kwenda na 150 kurudi, nilishawahi kulipa zaidi ya thamani ya tiketi. Mei 2019 American Airlines waliondoa ile ada ya ukubwa kwa vifaa vingi vya michezo na vya muziki, na wengine wakafuata. Siku hizi boksi langu likiwa chini ya kilo 23 nalipa kama begi la kawaida.

Na kwa mnaokuja huku au kutoka huku: kwenye tiketi moja, kanuni ya mizigo iliyotumika mwanzo wa safari inatakiwa itumike hadi mwisho, hata ndege ya tatu ikiwa ya shirika jingine. Hiyo ni sheria ya hapa. Mimi natembea na karatasi yenye kurasa mbili, tiketi na ukurasa wa mizigo wa shirika la kwanza. Imenisaidia mara mbili.

Mama Triathlon (Dar)

Mimi ada nililipa bila shida. Kilichonitoa machozi ni uma wa mbele wa baiskeli, ule unaoshika gurudumu.

Nilifika nyumbani usiku nimechoka, boksi likaonekana zima, nikaliweka stoo. Nilikuja kulifungua siku ya tisa. Uma wa kaboni ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, karibu na unapoingia gurudumu. Niliuona kwa sababu nilipitisha kucha ikakwama. Nikaandika barua, nikaweka picha. Jibu likaja mistari mitatu: malalamiko ya mzigo ulioharibika hupokelewa ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Na wako sahihi, ndivyo Mkataba wa Montreal wa 1999 unavyosema. Tanzania tumo, Kenya nao wamo. Ukichelewa, mlango umefungwa.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu, fungueni boksi pale pale uwanjani, kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo. Ukiona kitu, nenda dawati la mizigo wakuandikie ripoti yenye namba, kisha andika malalamiko rasmi ndani ya hizo siku 7. Kwa mzigo uliochelewa ni siku 21 tangu ulipofikishwa kwako. Na kiwango cha juu cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria, kama dola 2,000 hivi. Baiskeli yako ikiwa na thamani kubwa kuliko hapo, unaweza kuitangaza kaunta na kulipia ziada, au uikatie bima kabla ya kuondoka.

Angalia pia unachotia saini. Kuna kikaratasi wanakufungia kwenye boksi kinachosema shirika haliwajibiki kwa kitu chepesi kuvunjika. Nilisaini bila kusoma, foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

Magurudumu Matatu (Mombasa)

Sisi wa viti vya magurudumu tuna suala letu. Kiti ninachokalia kila siku husafiri bure, na kwa safari zinazoondoka Ulaya kanuni yao namba 1107 ya 2006 inaruhusu vifaa viwili vya mlemavu bila malipo. Lakini kiti changu cha mbio, kile kirefu cha magurudumu matatu, kaunta nyingine wanakiita kifaa cha michezo na wanataka ada ya baiskeli. Nimelipa mara mbili, mara moja nikaachiwa. Bado napigania hilo, na nikipata jibu la maandishi nitaliweka hapa.

Pedali ya Meru (Arusha)

@Magurudumu Matatu, tafadhali liweke, hata likichukua mwaka.

Nimesahau jambo: wenye baiskeli za umeme, betri inayozidi Wh 160 (watt-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, na betri nyingi za baiskeli hizo zinazidi mara mbili yake. Usiende nayo uwanjani kabisa, utaiacha pale. Na vile vimtungi vidogo vya gesi vya kujazia upepo, acha nyumbani, beba pampu.

Kocha Mpya (Moshi)

Asanteni sana, nimesoma yote. Nina vijana sita wa chini ya miaka 18, safari ni Desemba, tiketi bado sijakata. Klabu haina hata begi moja la baiskeli. Nianzie wapi kesho asubuhi?

Pedali ya Meru (Arusha)

Kesho usikate tiketi kwanza. Pima baiskeli kubwa kuliko zote ikiwa imefunguliwa, upate vipimo vitatu na kilo. Kisha piga simu kwa shirika, waambie ni boksi sita kwenye ndege moja, waulize kama ndege ya siku hiyo inaweza kuzibeba zote. Ndege ndogo huwa haziwezi, bora mgawanyike watatu watatu. Wakikubali, omba barua pepe, na ukikata tiketi hakikisha kila kijana ana BIKE yake yenye HK, sita kwa sita.

Maboksi usinunue. Duka nililochukulia langu huyatupa kila wanapopokea baiskeli mpya, nitapita kesho jioni niwaombe wakuwekee. Kwangu Njiro yapo mawili tayari, lile la Kigali na jingine dogo linalomfaa kijana. Njoo Jumamosi na baiskeli moja, tuifungue pamoja uone inavyokaa. Futikamba ninayo.