Nimepewa notisi na bwana afya kwa ajili ya moshi wa korosho, naombeni ushauri

Mbangua_Kusini: Wakuu, salaam. Niko Chikongola, Mtwara. Nina duka dogo la korosho za kuchoma, jiko liko uani. Juzi bwana afya wa kata kanipa notisi: siku saba niache kuchomea pale, la sivyo anafunga. Nina kina dada wawili wanaobangua, wanategemea hapohapo. Ana mamlaka ya kufunga duka lenye leseni? Silali.

Babu_Mikindani: Leseni haikupi ruhusa ya kufukiza watu. Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 inamruhusu kuingia, kukagua na kukuamuru uondoe kero.

Binti_Newala: Mie nimekulia kwenye huo moshi. Bibi alichomea kwenye bati lililotobolewa. Mafuta ya ganda yakidondokea motoni yanawaka, moshi mweusi tii, macho yanawasha mpaka jioni. Kila msimu mikono yake ilibabuka, akawa anajipaka majivu kabla ya kubangua. Lakini kwetu nyumba zilikuwa mbalimbali. Hapo kwenu ni ukuta kwa ukuta.

Kijana_wa_Feri: Mpelekee kilo mbili nyeupe, notisi itapotea 😂

Binti_Newala: Usimfundishe mwenzio kuhonga.

Babu_Mikindani: Mleta uzi, nani kalalamika? Na hii ni notisi ya ngapi?

Mbangua_Kusini: Ya pili, mzee wangu. Ya kwanza ilikuja mwezi wa tatu, nikahamia usiku, saa tano watu wameshalala. Jirani ana mtoto wa miaka minne, ana pumu, wiki iliyopita alilazwa. Ila hakuna aliyethibitisha kuwa ni moshi wangu, mtaa mzima unapikia mkaa. Na fundi nimeshampa nusu ya hela, ananitengenezea bomba la bati la mita nne. Moshi utapita juu.

Babu_Mikindani: Kumbe! Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo, mwanangu.

Ticha_Masasi: Bomba halisafishi moshi, linauhamisha tu. Usiku hewa ikitulia moshi unalala chini, yaani umechagua saa mbaya kuliko zote. Moshi ukifukuzwa na kusi leo, kaskazi ikiingia utamrudia jirani wa upande wa pili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha chembe laini hewani kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na wenye pumu ndio wanaoumia mapema. Acha kuchoma na ganda. Zichemshe kwa mvuke, ubangue, kisha kausha punje. Hela ya bomba ingeanzia hapo.

Mnyambe: Hii chai. Mwezi huu wa tano, minada imefungwa zamani, korosho ghafi kazitoa wapi? Au kangomba, zile za kununua kwa wakulima kimagendo?

Kijana_wa_Feri: Duh, kweli! Mleta uzi, jibu hilo.

Mbangua_Kusini: Sio kangomba. Ni za shamba la mama, Nanyamba, tulibakiza magunia sita. Siwezi kutunga habari ya mtoto wa mtu.

Mnyambe: Magunia sita yanakuchomesha tangu mwezi wa tatu, kila usiku?

Binti_Newala: Waachieni hayo wenye minada. Mtoto anaendeleaje?

Mbangua_Kusini: Karudi jana. Mama yake nimemsalimia, hakuitika. Fundi kapiga simu, bati liko tayari. Nimemwambia asilete kwanza.