Naomba ushauri: Mama ametoka Tanga, na vitumbua vyake vimegoma kuumuka katika baridi ya Njombe

BintiPangani:
Assalaam aleikum, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Pangani, na tangu mwezi wa kwanza nimehamishiwa Njombe mjini. Mwishoni mwa mwezi wa tano nilimleta mama yangu, mwenye umri wa miaka 72, akae nami kwa miezi michache, kwa kuwa kule nyumbani alikuwa amebaki peke yake. Sikuwaza kwamba ninamleta wakati ule ule kipupwe kinapoingia. Anaamka alfajiri kutawadha, anakuta maji ya ndoo yanauma vidole, na ukungu umetanda uani hata mti wa jirani hauonekani.

Kwetu Ijumaa haikupita bila vitumbua asubuhi na mkate wa kumimina jioni. Mama alijifunza kwa bibi, na hapimi kwa kikombe wala kwa mizani. Huroweka mchele usiku, asubuhi huusaga kwa tui la nazi pamoja na hamira na iliki, hulifunika rojo kwa kawa, na kabla hajamaliza kufagia uwanja huwa limekwisha kuumuka. Hapa amejaribu Ijumaa tatu. Mara ya kwanza rojo halikutoa povu, na vitumbua vikawa bapa na vizito. Mara ya pili aliongeza hamira maradufu, akaliacha rojo hadi mchana, likanuka kama pombe. Mara ya tatu alilimwaga lote, akaketi kwenye kibao cha mbuzi akaniambia, "Mwanangu, mkono wangu umekufa." Tangu siku hiyo hajaingia jikoni, na hilo linaniumiza kuliko vitumbua vyenyewe.

Jambo la pili ni jiko la mkaa. Usiku anataka liwekwe chumbani kwake, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Nikimkataza, hunijibu kwamba maisha yake yote amelala chumba chenye chetezo cha udi na hakudhurika. Nifanye nini bila kumvunjia heshima?

MuuguziMstaafu:
Binti yangu, nianze na jambo lako la pili, kwa maana vitumbua vinaweza kusubiri. Usiku wa leo jiko hilo lisiingie chumbani.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hutoka hata pale mkaa unapokuwa mwekundu bila moshi wowote, hali ambayo watu wengi huidhani kuwa ni salama. Mtu akiivuta, hewa hiyo hushikamana na damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu na kichefuchefu, na mwili humlegea. Aliyelala hazisikii dalili hizo, na huenda asiamke kabisa. Katika miaka yangu ya kazi nyanda hizi za juu nimepokea familia zilizoletwa asubuhi katika hali hiyo, na sitaki kusimulia zaidi. Ikiwa siku yoyote mmoja wenu ataamka na kichwa kizito katika nyumba iliyokuwa na jiko ndani, tokeni nje mara moja, kisha mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu.

Kuhusu chetezo, usibishane naye, kwa sababu anayoyasema ameyaona kwa macho yake. Mwambie tu kwamba chetezo kilikuwa na kaa mbili tatu kwa muda mfupi, na kwamba dirisha la Pangani halikufungwa, kwani joto lisingeruhusu. Hapa jiko ni zima, dirisha limefungwa, na usiku ni mrefu.

Badala yake, mpashie maji, uyatie katika chupa ya mpira, uizungushie kanga mbili na kuiweka miguuni pake nusu saa kabla hajalala. Maji yasiwe yanayochemka, maana ngozi ya mzee huungua upesi. Mnunulie soksi za sufu na kofia ya kulalia, na kila alfajiri umwekee maji ya uvuguvugu ya udhu kwenye chupa ya chai.

MpishiMakorora:
Mwambie mama mkono wake haujafa. Mimi pia ni mtu wa Tanga, nimepika mikate Mafinga kwa miaka 11, na kipupwe changu cha kwanza nililia.

Tanga joto la hewa lilikuwa sehemu ya mapishi, ila hakuna aliyelitaja kwa kuwa lilikuwepo daima. Hamira hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 27 hadi 35 za Selsiasi, ilhali jiko lako asubuhi huenda halifiki hata 15. Kisha tazama vitu anavyochanganya: mchele umelala usiku kucha katika maji ya baridi, na tui limetoka kwenye nazi ya baridi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo tui lake hugeuka chembechembe kabla hamira haijaamka. Kuongeza hamira si dawa, kama alivyoona mwenyewe.

Afanye hivi. Amwage maji ya usiku, aumwagie mchele maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kisha auchuje. Tui lipashwe hadi joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, lisizidi hapo, kwa kuwa joto kali huiua hamira. Bakuli la rojo liwekwe ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya uvuguvugu, lifunikwe kwa kawa na blanketi juu yake, na maji yabadilishwe yakipoa. Hamira ibaki kipimo chake kile kile cha Tanga, au ipungue kidogo katika mkate wa kumimina, kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi, na mkate ukiumuka kupita kiasi hubonyea katikati ukiwa bado motoni.

Zaidi ya yote, usimfundishe. Mwombe yeye akufundishe, nawe uwe mtu wa kuleta maji ya moto.

MkaziUwemba:
Karibuni Njombe. Huku kwetu Wabena, jioni za baridi watu wote huhamia jiko la nje, kuni za miwati zikawashwa, viazi vikafukiwa majivuni, na watoto wakasimuliwa hadithi hadi usingizi. Mlango huachwa wazi na moshi hupata njia. Mama atapata joto lake hapo kabla ya kwenda kulala, na atapata watu wa kuzungumza nao, kwa sababu nadhani upweke nao unamwongezea baridi.

Akianza kupika maharage au kande, asishangae kuchelewa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Roweka usiku, chemsha dakika 30, kisha ifunge sufuria kwa mablanketi ndani ya kapu kubwa kwa saa tatu, halafu uirudishe motoni imalizie. Utaokoa mkaa mwingi.

BintiPangani:
Nawashukuru sana. Jiko halikuingia chumbani tena. Nilimweleza mama habari ya dirisha la Pangani, akanyamaza, kisha akasema, "Kweli, halikufungwa hata usiku wa masika."

Leo Ijumaa nilimwomba anifundishe. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaja na blanketi lake mwenyewe. Rojo lilichukua saa mbili na robo, akilifunua kila baada ya muda kutazama, na lilipoanza kutoa mapovu aliniita kwa jina langu la utotoni. Vitumbua vilijaa. Sahani mbili amezipeleka kwa jirani, ambaye amemrudishia viazi na kumwalika jioni kuota moto.

Ameniagiza niulize: je, mchele nao uwekwe kwenye kapu la mablanketi usiku kucha, ili asipate kazi ya kuupasha alfajiri?

MpishiMakorora:
Hapana, utaanza kuchacha kabla ya kusagwa. Uachwe kwenye baridi kama kawaida, na ile nusu saa ya maji ya uvuguvugu isiachwe. Mfikishie mama shikamoo yangu.