Mjadala: Je, kejeli ya jukwaani dhidi ya Wamormoni inawatendea haki waliotoka katika imani hiyo?

Mtoa mada, Salt Lake City

Ndugu zangu, mada hii naileta kwenu nyote, lakini hasa kwa mliowahi kubatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi bado huliita la Wamormoni ijapokuwa mwaka 2018 Rais wake wa wakati huo, Russell M. Nelson, alitaka jina hilo liachwe. Inahusu tamthilia ya muziki *The Book of Mormon*, iliyopewa jina la kitabu kitakatifu cha Kanisa hilo, ikazinduliwa Broadway, mtaa wa maigizo wa New York, tarehe 24 Machi 2011, ikatwaa Tuzo 9 za Tony, za maigizo, mwaka huohuo, ikafika London mwaka 2013, na mwaka 2015 ikachezwa hapa Salt Lake City, mwendo mfupi wa miguu kutoka hekaluni.

Kwa ambaye hajaiona, waandishi wake ni Trey Parker, Matt Stone na Robert Lopez. Wamisionari wawili, Mzee Price na Mzee Cunningham (kwetu kijana ambaye ndevu hazijamwota vizuri huitwa Mzee), wanatumwa kaskazini mwa Uganda, wanakikuta kijiji kilichozongwa na umaskini, UKIMWI na mbabe wa vita. Price anavunjika moyo. Cunningham, ambaye hata Kitabu cha Mormoni chenyewe hajakisoma, anabuni maandiko kwa kuchanganya alichowahi kusikia na mambo ya filamu za anga za juu, na watu wanabatizwa. Rais wa misioni anapogundua anaamuru kazi ifungwe, lakini vijana wanakataa kuondoka, na mwishowe wanakijiji wenyewe wanatoka kuhubiri kitabu kipya.

Watu hudhani sisi tuliotoka ndio tunaoicheka kwa raha kuliko wote. Mimi naona imelikuna Kanisa pasipowasha. Ukumbi unaangua kicheko kusikia kwamba Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, alifukua mabamba ya dhahabu yenye kitabu hicho kilimani katika jimbo la New York, na kwamba Bustani ya Edeni ilikuwa Kaunti ya Jackson, Missouri. Nimezungumza na wengi waliotoka na sikumbuki hata mmoja aliyeondoka kwa sababu ya mabamba, kwa kuwa kila dini ina maajabu yake na aliyelelewa ndani yake hayaoni kuwa maajabu. Kilichowaondoa wengi ni kugundua kwamba mambo waliyokatazwa kuyasoma, wakiambiwa ni uzushi wa maadui, yalikuwa kweli. Na mwaka 2014 Kanisa lenyewe likachapisha insha iliyokiri kwamba Joseph Smith alioa wake wengi, baadhi yao wakiwa tayari na waume, na mmoja akiwa hajatimiza miaka 15. Tamthilia ilitangulia insha hiyo kwa miaka mitatu, kwa hiyo siilaumu kwa kutoitaja. Ninachokilaumu ni hitimisho lake.

Mwishoni tunaambiwa kwamba si kitu hadithi ikiwa ya uongo, mradi inawapa watu matumaini na kuwafanya waishi vyema. Waandishi wameielezea kazi yao kuwa barua ya mapenzi ya asiyeamini kwa dini, nami nawaamini. Lakini hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na askofu wangu, ambaye kwetu ni kiongozi wa waumini wa mtaa, nilipompelekea maswali: niyatazame matunda, nisichimbe mizizi. Kwa mtu ambaye hajawahi kutoa asilimia 10 ya kipato chake kila mwezi, wala kuhojiwa faraghani kuhusu mwenendo wake ili apewe kibali cha hekalu, hitimisho hilo linapendeza. Kwangu mimi, watunzi wa kejeli wamekwenda kukaa upande wa askofu. Na tazameni kwamba jukwaani hakuna anayetoka moja kwa moja. Price anatoroka usiku mmoja, kisha anarudi.

Kanisa nalo lililielewa hilo upesi. Lilitoa tamko la upole la sentensi moja, kwamba tamthilia inaweza kumburudisha mtu kwa jioni moja lakini kitabu kitamleta karibu na Kristo, kisha likanunua matangazo ndani ya vijitabu vya programu ya onyesho lenyewe, likiwaambia watazamaji kwamba wameshaiona tamthilia, sasa wasome kitabu. Je, taasisi iliyoguswa penye kidonda ingefanya hivyo?

Mchangiaji, Nairobi

Mtoa mada, nakuheshimu, lakini nadhani umeitazama hadithi ukasahau nyimbo. Nilihudumu misioni miaka miwili. Unaishi na mwenzako usiyemchagua, huruhusiwi kuachana naye isipokuwa bafuni, unaamka saa kumi na mbili na nusu, na enzi zetu nyumbani ulipiga simu Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Ruhusa ya kupiga kila wiki ilitolewa Februari 2019. Ukiwa na huzuni, dawa ilikuwa kufanya kazi zaidi.

Sasa usikilize ule wimbo ambao vijana wanafundishana kuzima hisia kama mtu anavyozima taa. Mmoja alikuwa na baba aliyempiga mama yake, mwingine dada yake alifariki kwa saratani, mwingine anaficha mvuto wake kwa wanaume wenzake, na wote wanacheza ngoma wakitabasamu. Unasema taasisi haikuguswa, nami nakuambia kwamba kwa dakika zile chache niliiona taasisi nzima. Hakuna mahubiri wala makala iliyowahi kunieleza hali yangu kwa usahihi kiasi hicho, na waliouandika hawajawahi hata kuwa waumini.

Ongeza jambo hili. *Mafundisho na Maagano*, kitabu kingine cha maandiko yetu, sehemu ya 88, inawataka watakatifu watupilie mbali kicheko kilichozidi. Nililelewa nikiamini kwamba kumcheka kiongozi ni kuanza kupotea. Kwa mtu wa malezi hayo, kukaa katika ukumbi wa watu elfu moja wanaocheka, na mbingu zisianguke, ni elimu tosha.

Tena kuna ule mstari ambao Price anaimba kwamba anaamini kuwa mwaka 1978 Mungu alibadili mawazo kuhusu watu weusi. Tangu Brigham Young, aliyeliongoza Kanisa baada ya Joseph Smith, alipoitangaza marufuku hiyo hadharani mwaka 1852 hadi Juni 1978, mwanamume mweusi hakupewa ukuhani, na weusi wote, wake kwa waume, walizuiwa kupokea ibada za juu za hekaluni. Mwaka 2013 Kanisa lilizikana rasmi nadharia zilizotumika kuitetea. Katika darasa letu la Jumapili jambo hilo lilipitiwa harakaharaka, mwalimu akifunua ukurasa unaofuata. Wacheshi waliliimba kwa sauti ya juu, neno kwa neno, bila kulitia chumvi.

Mchangiaji, Kampala

Mnazungumza kana kwamba jukwaani kuna Wamormoni peke yao. Mimi nilibatizwa hapa Kampala, nikaondoka baadaye, na kilichoniudhi ni nchi yangu.

Tamthilia ilipozinduliwa mwaka 2011, kundi la waasi la Lord's Resistance Army lilikuwa limeondoka kaskazini mwa Uganda tangu mazungumzo ya Juba yaliyoanza mwaka 2006, na watu walikuwa wakirudi mashambani kwao kutoka kambini. Mbabe wa vita wa jukwaani amepewa jina la matusi lililotokana na jina la kivita la mpiganaji wa Liberia, upande mwingine wa bara. Anatishia kuwakeketa wanawake wa kijiji, ilhali ukeketaji nchini mwetu ulikuwa kwa Wasabiny na Wapokot wa mashariki, si desturi ya Waacholi wa kaskazini, na Bunge lilikuwa limeupiga marufuku kabla ya onyesho la kwanza. Wimbo wa wanakijiji wa kumtukana Mungu umetungwa kwa maneno yasiyo ya lugha yoyote ya Uganda. Kwa hiyo Wamormoni walichunguzwa hadi kaunti ya Missouri, sisi tukaundwa kwa vipande vya Afrika yoyote iliyokuwa karibu na mkono wa mwandishi.

Nitaambiwa kwamba anayechekwa pale ni Mmarekani mwenye picha hiyo kichwani. Inawezekana. Hata hivyo waigizaji weusi wenyewe, wa kundi la kwanza na la baadaye, waliwaandikia waandishi barua mwaka 2020, na kabla ya ukumbi kufunguliwa tena Novemba 2021 baada ya janga la UVIKO-19, maandishi yalirekebishwa ili Nabulungi, yule msichana wa kijijini, na wanakijiji wenzake wawe na akili na nafasi kubwa zaidi. Kama dhihaka ilikuwa wazi kwa kila mtu, marekebisho yalikuwa ya nini?

Mchangiaji ambaye bado ni muumini, Dodoma

Kaka na dada zangu, nawasoma bila chuki. Ninyi mnabishana kama kejeli iliuma vya kutosha. Mimi nauliza kama ingethubutu kuchezwa dhidi ya dini nyingine. Na msidhani kwamba tunaliogopa jukwaa. Brigham Young alifungua Salt Lake Theatre mwaka 1862, hekalu la mji huo likiwa bado linajengwa, na Kanisa liliigiza masimulizi yake kwenye kilima cha Cumorah, kile cha mabamba, tangu 1937 hadi 2019. Tamthilia mnayoisifu imetuonyesha tukiwa wajinga, lakini wajinga wenye moyo mwema, na jirani aliyeitazama anaweza kunikaribisha nyumbani kwake. Nyinyi mngependa atuogope?

Mchangiaji, Eldoret

Ndugu wa Dodoma, sitaki mtu awaogope. Wazazi wangu ni waumini na ni watu wema kuliko mimi. Lakini hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, na mdogo wangu akiamua kufunga ndoa yake ya milele humo, mimi dada yake nitaketi nje kwa kuwa sina kibali. Mama ameanza kulia mapema, akiniomba nirudi japo kwa ajili ya siku hiyo. Hilo ndilo suala la mtoa mada kama nilivyomwelewa: mgeni aliyelipa tiketi New York anatoka akisema watu hawa ni wakarimu, na ni kweli, bali ukarimu huo una mlango, na mlango una mlinzi. Sijaona kichekesho kilichouweka mlango huo jukwaani.

Mtoa mada

Dada wa Eldoret umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Ndugu wa Dodoma, kuhusu dini nyingine uko sahihi, na sababu yake haiwapi waandishi sifa: walijua kwamba Wamormoni watajibu kwa adabu. Wa Kampala, marekebisho yale nayaona kuwa ushahidi kwamba mlichekwa ninyi. Hata kabla yake, wanakijiji ndio waliomweleza Nabulungi kwamba Salt Lake City aliyoahidiwa kama paradiso ni mfano tu. Lakini hekima hiyo imewekwa dakika za mwisho, baada ya saa mbili za kuwafanya wasiojua kitu.

Kwako wa Nairobi, wimbo wa kuzima hisia nakuachia, ni kweli kila neno. Ila kumbuka unavyoisha: yule aliyekuwa akiwafundisha wenzake kuzima anabaki kiongozi wao, na watazamaji wanaondoka wakiupiga mluzi.

Mchangiaji, Nairobi

Hapo hatutakubaliana. Watazamaji wapige mluzi wapendavyo. Wimbo ule haukuandikwa kwa ajili ya waliokuwa na starehe ya kuusahau. Niliusikia mara ya kwanza nikiwa bado mshauri wa askofu, kwa siri, kwenye simu, na Jumapili iliyofuata kijana mmoja alikuja ofisini akasema ana huzuni isiyokwisha. Jibu la kawaida lilikuwa tayari mdomoni mwangu, sikulitoa. Nikamwambia aende kumwona daktari.

Mchangiaji ambaye bado ni muumini, Dodoma

Nami, nikiwa ndani, ningemwambia vivyo hivyo.