Ule mlima wa Ngorongoro ulikwenda wapi?

MwalimuRamani
Wakuu, naombeni msaada. Juzi nilisimama na wanafunzi wangu ukingoni mwa Ngorongoro. Mmoja akauliza: "Mwalimu, kama hapa palikuwa na mlima, umekwenda wapi?" Nikamjibu ulilipuka, ukarushwa. Akatazama pande zote: "Sasa mawe yake yako wapi?" Sijatulia tangu siku hiyo. Shimo lina kina cha mita 600 hivi, sakafu yake kilomita za mraba kama 260. Mawe yote hayo hayawezi kujificha.

Kokoto
Mwalimu, huyo mtoto mtunze. Mlima haukurushwa, ulididimia. Chini ya volkeno kuna chumba cha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na magma hiyo ndiyo inayobeba paa la chumba. Ikitoka kwa wingi, iwe kwa kulipuka au kwa kutiririka pembeni, paa linakosa wa kulishikilia na kilele kinazama. Ngorongoro ilizama hivyo zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Sehemu kubwa ya mawe unayoyatafuta iko chini ya kwato za nyumbu. Ndiyo maana wataalamu huiita kaldera, ingawa sote tumezoea "kreta".

Na hili limeshuhudiwa kwa macho. Mwaka 2018, kule kwenye volkeno ya Kilauea, Hawaii, lava ilibubujika kwenye nyufa zilizo kilomita 40 hivi kutoka kileleni. Kwa miezi kadhaa kilele kikawa kinashuka kidogo kidogo, kila kishindo na tetemeko lake, hadi sehemu ya sakafu ikawa imeshuka mita 500 hivi. Majivu yaliruka, ndiyo, lakini mwamba wenyewe ulizama.

Mvuke_wa_Bonde
Niongezee kidogo. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye visima vya jotoardhi. Mlima ukishazama kazi haijaisha: maji moto hupanda kwenye nyufa, na mvuke wenye gesi ya salfa hula mwamba hadi unakuwa udongo laini, mahali pengine mweupe, pengine mwekundu kama matofali. Unaweza kuukwangua kwa ukucha. Mteremko wa namna hiyo ukinyeshewa sana huporomoka. Watu huogopa lava tu, na hilo hunisikitisha, maana maji moto hubomoa kimya kimya.

MwalimuRamani
Asanteni sana. Nimejaribu jioni hii: puto ndani ya beseni, mchanga wenye unyevu juu yake mpaka ukawa kichuguu, kisha nikaachia upepo polepole. Kilele kikazama, kuta zikabaki zimesimama! Ila kuna nyufa zimezunguka shimo kama pete. Nimekosea?

Kokoto
Hujakosea hata kidogo. Kaldera huzama kwa kukatika kwenye pete kama hiyo, na maji moto anayoyasema Mvuke mara nyingi hupandia humo humo. Usiifukie, mwonyeshe yule mtoto.

MwalimuRamani
Beseni nimelifunika. Kesho kipindi cha kwanza naanza na yeye, na nitamwambia jibu langu la juzi halikuwa sahihi.