Maharage ya mferejini yanageuka rangi ya shaba, nimepiga dawa mara mbili hali imezidi

MamaShamba_Meru: Wakuu, habari za kazi. Niko Arumeru, nimepanda nusu ekari ya maharage aina ya Lyamungo 90 katikati ya Desemba kwa maji ya mfereji. Sasa ni mwisho wa Januari, yanatoa maua. Majani ya chini yalianza na vidoa vyeupe kama yametobolewa kwa sindano, yakawa rangi ya shaba, sasa yanapukutika. Mistari iliyo kando ya barabara ya vumbi ndiyo iliyotangulia. Duka la pembejeo walinipa dawa ya wadudu. Baada ya kupiga mara ya pili, ugonjwa umefika katikati ya shamba. Masika iliyopita nilisumbuliwa na vidukari tu, na mvua ilipokaza vikapungua. Hii ni nini? Ada ya mtoto iko humo shambani.

Mzee_wa_Mitaro: Pole sana mama. Usinunue kitu kwanza. Kung'uta jani lililougua juu ya karatasi nyeupe, kisha tulia uangalie. Ukiona vumbi linatembea, ni utitiri. Dawa uliyopiga imeandikwa nini?

MamaShamba_Meru: Nimetoka shambani sasa hivi. Vinatembea kweli! Vingine vyekundu, vingine vya kijani hafifu vyenye doa jeusi kila ubavu. Chini ya jani kuna utando kama wa buibui. Chupa inasema lamda-sihalothrini.

Mzee_wa_Mitaro: Basi hapo ndipo tatizo lilipo. Utitiri una miguu minane, ni ndugu wa buibui, na dawa nyingi za wadudu haziuwezi. Ile uliyopiga imeua maadui wake, wakiwemo utitiri wengine wanaoula huu, wenyewe ukabaki unazaana bila bughudha. Kwenye joto kama hili, yai linafika kuwa mzazi kwa wiki moja hivi. Kiangazi na vumbi ndiyo sikukuu yake. Mvua za masika huuosha, ndiyo maana mwaka jana hukuuona.

Kijana_Pembejeo: Mama, acha hiyo dawa kabisa. Tafuta yenye abamektini, hiyo inaua utitiri, lakini piga jioni nyuki wakishaondoka kwenye maua, na mdomo wa bomba uelekee juu ili ifike chini ya jani. Mayai hayafi vizuri, kwa hiyo rudia kwa siku ambazo kibandiko kinaruhusu. Usipige mfululizo msimu mzima, utitiri huzoea dawa haraka. Salfa nayo inasaidia, ila jua kali likiikuta juu ya majani itayaunguza.

Bi_Tumaini: Mimi hutumia maji ya sabuni na mwarobaini, yananisaidia.

Kijana_Pembejeo: Bi Tumaini, yanasaidia ukiwahi, majani yakiwa na vidoa tu. Utando ukishafunga, hayapenyi. Mama, usiache maharage yakae na kiu pia, mmea wenye kiu ndio unaoumia zaidi.

MamaShamba_Meru: Asanteni mno. Zamu yangu ya maji ni kesho usiku, nitamwagilia kwanza. Swali moja: nimekuwa nikichuma majani machanga kwa mboga, kuna ubaya?

Mzee_wa_Mitaro: Acha leo hii, mama. Tena hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, kwa maharage mabichi na hata kwa majani ya mbuzi. Ile mistari ya barabarani iliyokwisha kauka ing'oe, itie kwenye gunia na uichome. Usiikokote kupita katikati ya shamba.